Ndege wa Dobri

Wengine hujifunza ndege kwa mapenzi. Mimi nilijifunza kwa hasira, nikiwa na miaka hamsini na sita, na nilijifunza vizuri. Mimi niliyekuwa sitofautishi mnandi na bata, leo namtambua tai kwa jinsi anavyokunja kona tu.

Aliyezipenda safari za kutazama ndege ni marehemu mume wangu, Dobri. Alikuwa mwendesha winchi bandarini hapa Burgas. Akanunua darubini kuukuu ya jeshi sokoni, akajiunga na chama cha watazama ndege. Kila Jumamosi ya vuli walipanda basi dogo, wakazunguka mabwawa ya chumvi ya Atanasovsko, wakatazama makundi ya ndege yanayohamia kusini, wakala, wakarudi nyumbani jioni pua zimewaiva kwa jua. Kazi yangu ilikuwa kuoka banitsa. Nilikunja unga na jibini, nikaifunga kwenye taulo, nikamkabidhi mlangoni. Alirudi na taulo tupu na hadithi tele.

Chama kina Kitabu. Baada ya chakula orodha ya siku inasomwa kwa sauti, na ndege adimu haandikwi mpaka apate jicho la pili, yaani mtu mwingine aseme, "Na mimi nimemwona." Anayesema ameona na hakuona, jina lake linafutwa kwenye Kitabu chote, kuanzia ndege wake wa kwanza. Sheria hiyo aliitunga Stamat, mwenyekiti wa chama, aliyefundisha baiolojia nusu ya mji huu. Mpaka leo tunamwita Mwalimu.

Septemba ya mwaka 1998, Dobri na Mwalimu walikuwa wawili tu kwenye bwawa la kumi na moja. Dobri alikuwa anatafuna banitsa yangu. Kwenye ubao wa lango la maji akatua kipila, yule ndege wa matopeni mwenye mdomo uliopinda, lakini huyu alikuwa mdogo, mweupe-mweupe, mdomo mwembamba, ubavuni madoa ya mviringo. Kipila mdomo-mwembamba, ndege ambaye hata wakati ule waliobaki duniani pengine wangeenea kwenye sinia moja. Walimtazama dakika ishirini kwa darubini ya miguu mitatu ya Mwalimu, wakipokezana.

Orodha iliposomwa, Dobri akasimama, anatetemeka kwa furaha, akamtaja. Wote wakamgeukia Mwalimu.

"Mimi sikuona kitu," Mwalimu akasema. "Niliona kipila wa kawaida. Dobri ndugu yangu, hiyo pombe yako ya rakia unainywa kabla ya chai au baada?"

Watu wakacheka. Mwalimu akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya jina la mume wangu. Tangu siku hiyo kila anayekosea, akiita gunia la nailoni mwari, au gogo korongo, basi zima linamwambia: "Huyo ni ndege wa Dobri." Dobri alivumilia miaka minne, akacheka nao kwa meno tu. Kisha darubini akaifungia kabatini. Aliniuliza mara moja, tukiwa tunamenya pilipili za kuchoma, "Kerana, wewe unaniamini?" Nikasema naamini. Akasema, "Wewe hukuwepo." Alifariki mwaka 2011, na mazishini kuna mpumbavu mmoja alinong'ona utani uleule akidhani siusikii.

Nikaitoa darubini kabatini, nikajiunga na chama. Mwalimu alinipokea kwa mikono miwili. Nadhani alifikiri mjane anatafuta kampani.

Miaka kumi na tatu sijakosea ndege hata mmoja. Nilitaka niaminiwe, kwa sababu siku moja ningehitaji kuaminiwa. Kwa lipi hasa, sikujua. Nilikaa kiti cha pili nyuma ya dereva, ubavuni kwa Mwalimu, nikasubiri. Moyo wangu haukuwa na chembe ya msamaha na sikuutafutia.

Msimu wa mwaka juzi ndipo nikagundua. Nilimwambia, "Mwalimu, tazama mdiria pale juu ya nguzo," kumbe ameshaondoka kabla sijamaliza kusema. Mwalimu akaikazia macho nguzo tupu, akasema, "Bluu iliyoje, Mungu wangu." Wiki iliyofuata nikamjaribu kwa korongo, halafu kwa heroe. Wote aliwaona, na hawakuwepo hata mmoja. Macho ya Mwalimu yalikuwa yamekwisha, anaona ukungu na vivuli, na alikuwa anaficha. Nikawa namnong'oneza: kulia, juu ya mwanzi, wawili. Naye anatangaza kwa sauti yake ya darasani. Watu walisema, "Mama Kerana ana roho nzuri, hamwachi mzee peke yake." Nilikuwa namnenepesha.

Mwaka jana wataalamu walitangaza kwamba kipila mdomo-mwembamba hayupo tena duniani. Siku ile ndani ya basi Mwalimu hakuifungua hata sandwichi yake.

Jumamosi iliyopita tulikuwa kumi na wawili. Kosyo, dereva wetu, alituteremsha kwenye bwawa la kumi na moja, akabaki anajiegemeza mlangoni anakula mbegu za alizeti. Nilisimamisha darubini ya miguu mitatu, nikaielekeza kwenye ubao wa lango la maji. Juu ya ubao palikuwa na chumvi iliyoganda, basi.

"Mwalimu," nikaita, si kwa kunong'ona safari hii. "Njoo haraka, na usipige kelele. Kipila. Mdogo, mweupe-mweupe. Mdomo kama sindano."

Watu wote wakaganda. Ralitsa, katibu wetu, msichana wa mapokezi hospitalini anayeandika Kitabu siku hizi, akafunika mdomo. Miaka kumi na tatu Kerana hajakosea.

Mwalimu alikuja anajikongoja, akainama kwenye kioo. Angeweza kusema, "Sioni vizuri." Maneno mawili tu, na mtego wangu wote ungebaki kamba tupu. Lakini angeyasemaje, wakati miaka miwili ameona kila kitu?

"Ninamwona," akasema.

"Una hakika, Mwalimu?" akauliza Ralitsa. "Niandike wewe ndiye jicho la pili?"

"Andika." Sauti yake ikalegea, kama mtu anayeongea usingizini. "Ndiye. Yuko juu ya ubao. Madoa ya ubavuni ya mviringo, si michirizi. Na ule unyoya wa bawa la kulia bado umening'inia."

Nilipanga kila kitu isipokuwa hilo. Nikashika darubini.

Ralitsa alikuwa ameshaisogelea. Akachungulia, akafuta kioo, akachungulia tena. "Mbona mimi sioni kitu? Kuna ubao na chumvi."

"Hakuna kitu," nikasema. "Hakukuwa na kitu tangu tulipofika."

Kosyo akatema ganda la alizeti kule mlangoni. "Haya, Mwalimu naye kampata ndege wa Dobri."

Hakuna aliyecheka. Pengine walinitazama uso.

"Umesema kweli, Kosyo mwanangu," nikamjibu. "Ndiye hasa."

Daftari la Dobri, alimoandika kila ndege aliyemwona, halikosi kwenye mkoba wangu. Nikalifungua tarehe ile ya Septemba 1998, nikampa Ralitsa asome kwa sauti. Mwandiko wa mume wangu ni wa mtu wa bandarini, herufi kubwa kama za kwenye makasha. Ralitsa akasoma: "Ubao wa lango. Madoa ya mviringo. Unyoya mmoja wa bawa la kulia umekatika, unaning'inia. Stamat kauona unyoya kabla yangu, kanielekeza."

"Ile siku mlimcheka kabla hajafika kwenye unyoya," nikasema. "Hakumsimulia mtu ila mimi. Sasa Mwalimu, unyoya huo umeujulia wapi?"

Alibaki ameshika miguu ya darubini kwa mikono yote miwili. "Kerana, dada yangu, haya tungeongea nyumbani."

"Nyumbani kwangu Dobri alikusubiri miaka kumi na tatu. Ongea hapa."

"Mama Kerana," Ralitsa akasema taratibu, "sheria ni ileile kwa wote. Kama Mwalimu amesema ameona na hakuna ndege, itabidi nifute. Miaka yake yote arobaini na sita. Na wewe pia."

"Mimi nifute leo hii. Sikuja hapa kwa ajili ya ndege. Lakini Mwalimu ana njia ya kupona. Akisema hakuwa anamtazama ndege wa leo, alikuwa anamkumbuka wa siku ile, basi hakudanganya leo. Alidanganya siku ile. Achague mwenyewe uongo upi ni wake."

Watu wakamtazama. Wengi amewafundisha kuandika neno kunguru kwa Kilatini. Upepo ulipita juu ya maji, na kwa mbali vitwitwi walikuwa wanalia.

"Nilimwona," Mwalimu akasema mwishowe. "Dakika ishirini. Nilimtafuta miaka kumi na tisa, nimelala matopeni, mke wangu ameniacha kwa ajili yake. Halafu kaja siku niliyo na mwendesha winchi mwenye miaka mitatu chamani, tena mdomo umejaa jibini. Nikajua Kitabuni jina lake litatangulia, maana yeye ndiye aliyetamka kwanza. Nikasema sikuona. Nilifikiri atakuja mwingine." Akafuta macho yake yasiyoona. "Hakuja mwingine."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilidhani nikiyasikia maneno hayo nitalia, au nitamwonea huruma. Nilihisi njaa.

Tukaenda kwenye kibanda cha kutazamia. Ralitsa akatoa kabatini Kitabu cha mwaka 1998, kurasa zimeota madoa ya unyevu. Mstari mwekundu ulikuwa bado unang'aa. Akaandika pembeni yake kwamba jina lilifutwa kimakosa, akamsogezea Mwalimu kalamu atie sahihi ya jicho la pili. Mwalimu akapapasa karatasi.

"Niwekee kidole kwenye mstari, Kerana," akaniomba kwa sauti ndogo. Hivyo ndivyo wote walivyojua kwamba haoni.

Nikamshika kidole, nikakiweka chini ya jina la mume wangu. "Andika kubwa," nikamwambia. "Na jina lote. Si herufi za mwanzo."

Akaandika. Herufi zikapanda na kushuka, lakini jina likasomeka. Kisha Ralitsa akachukua Kitabu cha mwaka huu, akapiga mstari juu ya jina langu, ndege mia mbili na sabini na wanne. Alikuwa analia. Nikamwambia, "Piga tu, binti, na uunyooshe." Nikafungua taulo, nikawakatia wote banitsa. Kosyo alichukua kipande chake akakaa nacho mkononi muda mrefu.

"Mama Kerana," akasema, "ule utani... mimi niliukuta tu."

"Kula," nikamwambia. "Imeshaisha hiyo."

Tulikuwa bado tunatafuna pale Ralitsa alipopiga kelele kutoka nje. Wari walikuwa wameanza kupita. Hewa ikishapata joto, ndege hao hupanda kwa kuzunguka, mamia kwa mamia, weupe, mabawa yametandazwa, halafu wanateleza kuelekea Uturuki. Kila mtu akatoka mbio na darubini yake. Wakaanza kuhesabu kwa sauti, mia nne, mia saba, elfu, wakaacha kuhesabu.

Mwalimu alitoka mwisho, akishika ukuta. Akasimama kwenye ngazi, akainua uso kuelekea baharini, ambako hapakuwa na kitu. Kwa miaka miwili nilikuwa nikisimama hapo hapo na kumnong'oneza sikioni. Akasubiri. Watu walikuwa wanashangaa upande wa pili, yeye anageuza kichwa huku na huku anafuata sauti zao.

"Kerana," akasema. "Kerana, wako upande gani?"

Walikuwa juu ya vichwa vyetu, wengi kiasi kwamba vivuli vyao vilipita usoni kwake. Nilimeza kipande changu cha mwisho cha banitsa, nikajikung'uta chembe mikononi.

"Mimi sioni kitu," nikamwambia.