Nyumba Iliyotaka Kulipita Lori

Mwaka ule wa mafuriko mawili, kabla majani hayajaanza kupukutika, nilisikia jikoni kanisani kwamba ng'ambo ya mlima nyumba ya magurudumu ililisukuma lori la jeshi kutoka nyuma mpaka likaingia mtoni. Tulikuwa tunamenya viazi. Mmoja alisema walikufa watu wawili, mwingine akasema hapana, ni mbwa tu. Jina la dereva hakuna aliyelijua. Nilipouliza ni mlima gani, nikaambiwa upande ule, na kisu kikanyooshwa kuelekea dirishani.

Wenzangu walisikia wakaendelea kumenya. Mimi niliondoka na habari ile, nikala nayo, nikalala nayo, kwa sababu wiki ile ile mwanangu Coy alikuwa amenunua lori la jeshi mnadani, na nyumba ya kuvuta alikuwa nayo.

Lori lenyewe lilikuwa la kijani, magurudumu kumi. Nyota yake nyeupe ilikuwa imepakwa rangi juu lakini bado inaonekana. Likiwashwa, vikombe vyangu vinatetemeka kabatini. Coy alilipenda kama wengine wanavyopenda farasi. Nyumba yake ni ya bati, ndefu futi sitini, nyembamba, na ilikuwa imekaa kando ya kijito chetu miaka tisa. Mwaka ule maji yaliingia mara mbili, na mara ya pili yalifika kwenye godoro. Mkewe, Raelene, alikuwa na mimba ya miezi saba. Redio ilisema mvua kubwa inaanza Jumapili, na hawakuwa na nyumba nyingine wala mahali pengine pa kumlaza mtoto. Kwa hiyo Jumamosi ilikuwa lazima nyumba ipande mlimani, ivuke kilele, ishuke kidogo upande wa pili hadi kwenye shamba alilotuachia marehemu mume wangu, palipokuwa pakilimwa tumbaku. Watu wa kuhamisha nyumba walikwisha kuja wakaitazama barabara yetu, wakageuza gari.

Nilimweleza Coy niliyoyasikia. Alikuwa chini ya lori, miguu tu inaonekana.

"Mama, lori hili limevuta mizinga," alisema.

Rafiki yake Delbert, ambaye ndiye aliyekuwa anaunganisha nyaya za breki za nyumba kwenye lori, akaongeza, "Halafu Mama Coy, nyumba haina injini. Itasukuma kwa nini, kwa mapazia?"

Walicheka sana, na mimi nilicheka kidogo. Lakini sikuondoka pale mpaka Coy aliponiahidi jambo moja: akifika kileleni, kabla ya kushuka, atasimama nije nitazame. Aliahidi ili ninyamaze. Sikujali ameahidi kwa nini.

Jumamosi asubuhi bonde zima lilitoka. Kwetu nyumba haihamishwi kimya kimya. Wanawake walipakia sufuria za maharage na mikate ya mahindi kwenye magari yao ili wafuate nyuma, wanaume wakaja na minyororo na maoni. Delbert alipanda juu ya bati na fimbo ndefu ya mti mkavu yenye panda mwishoni, ya kuinulia nyaya za umeme zinazovuka barabara. Raelene alitangulia na gari dogo, taa zikiwaka-waka. Na Coy, kama walivyofanya baba yake na babu yake walipohamisha nyumba, aliweka kikombe cha maziwa mezani ndani. Dereva hodari hufika na kikombe kimejaa. Vitu vingine vyote viliachwa humo humo, sahani kabatini, kitanda kimetandikwa, na chini ya kitanda chupa mia moja na arobaini za maharage mabichi na matunda ya porini, alizozipika na kuzifunga mama mkwe wangu, Orlena, mwenye miaka themanini na moja.

Coy alikanyaga mafuta. Lori likanguruma, moshi mweusi ukapanda, na nyumba ikasita kama mtu anayeamshwa mapema. Kisha ikang'oka kwenye tope kwa mlio mmoja mnene, na umati wa watu ukapiga kelele. Nilipiga makofi na mimi. Ninayeandika onyo hili nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, kwa sababu tangu nizaliwe sikuwahi kuona kitu kikubwa namna ile kikimtii mwanangu.

Pale chini Coy alijaribu breki za nyumba. Zilikamata mara moja, magurudumu yakaburuzika kwenye kokoto. Delbert aliinama kule juu, akajisifu kwamba zinauma kama mbwa wa mlinzi. Mlima ukaanza. Kila baada ya kona Coy alikuwa anazigusa kidogo, kwa raha tu, kusikia zinavyouma. Watu walitoka kwenye vibaraza vyao wakapunga mikono, na Delbert aliinua nyaya moja moja kama mwanamke anayepita chini ya kamba ya nguo. Mapazia ya Raelene yalikuwa yanapepea. Nyumba ilikata kona ya tatu, miti pande zote mbili ikikwangua bati, na haikukwama. Nilikuwa kwenye gari la pili nyuma yake, na kwa robo saa nzima nilisahau habari ya jikoni.

Kileleni nikaikumbuka. Nilimwambia aliyekuwa anaendesha anipitishe mbele, nikashuka na kusimama katikati ya barabara na mikono kiunoni. Coy alisimamisha lori karibu kabisa na tumbo langu. Alikuwa anacheka, jasho likimtoka.

"Haya, mama, tazama. Iko pale pale ilipokuwa."

Nilitembea kandokando ya nyumba. Nikasikia harufu, kama ya nywele zilizoungua. Kwenye magurudumu ya nyumba moshi mwembamba wa bluu ulikuwa unatoka. Na nilipoinua macho ili nimwite Coy, pazia la chumba cha kulala likafunguliwa, na mama mkwe akanitazama kupitia kioo.

Mimi nilidhani yuko kwenye gari la Raelene. Raelene alidhani yuko na mimi. Yeye hakumwambia yeyote kitu.

Coy alifungua mlango akamkuta ameketi kitandani, amefunga mkanda wa koti, na kikombe cha maziwa mkononi ni kitupu.

"Bibi, ulikuwa humu tangu chini?"

"Nani angezishika chupa? Wewe?"

"Na maziwa?"

"Yalikuwa yanachezacheza yananikera. Nimeyanywa."

Watu walicheka mpaka Hobart alipofika. Hobart ni jirani yetu wa kileleni, na siku ile alikuwa anakata miti karibu na barabara kwa trekta lake la kuburutia magogo. Miaka ya ujana alikuwa fundi wa malori jeshini. Hakuitazama nyumba kwanza, alitazama pale Delbert alipounganisha nyaya. Kisha akauliza nani amefanya hivi, na Delbert akajibu akiwa bado juu ya bati.

"Lori hili ni la volti ishirini na nne," Hobart alisema. "Breki za nyumba ni za kumi na mbili. Umezichoma, Delbert."

"Mbona zilikuwa zinakamata vizuri?"

"Zilikuwa zinakamata kwa sababu zinaungua. Sasa zimekwisha. Kanyaga uone."

Coy alikanyaga. Tulisubiri kusikia ule mlio wa kuuma. Hatukusikia kitu. Mbele yetu barabara ilikuwa inateremka nusu maili, kona moja katikati, na chini kuna kijito kingine. Hobart akatuambia pia jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria, kwamba nyumba ile na vilivyomo ni nzito kuliko lori. Kuivuta kupanda ni kazi ya injini. Kuizuia kushuka ni kazi ya breki, na breki tulizobaki nazo zilikuwa za lori peke yake. Nilimwona mwanangu akilitazama lori lake kama anaangalia mtu mgeni.

Kurudi nyuma haikuwezekana, kona zilikuwa nyembamba mno. Kuiacha pale ilikuwa kuziba barabara pekee, na mawingu yalikwisha kujaa upande wa magharibi. Hobart akasema atafunga mnyororo kwenye chuma cha chini ya nyumba, nyuma kabisa, na trekta lake liifuate likiishikilia. Lakini mtu asiwemo ndani.

Bibi alikataa. Alisema chupa zile amezipika kwa ajili ya mtoto anayekuja, hataziacha ziteremke peke yake kama yatima. Coy alimbembeleza, mimi nilimbembeleza, akajifunga mkanda wa koti upya. Ndipo Raelene, na tumbo lake lile, akapanda ngazi, akaketi kitandani kando yake, akasema sawa, basi tunateremka watatu. Bibi akalitazama tumbo lile. Akainuka, akachukua chupa mbili, moja kila kwapa, akashuka akimlaani Delbert kwa majina ya baba zake wote.

Tukaanza. Coy aliweka gea ya kwanza, ya chini kabisa, na hakugusa mafuta. Sisi wanawake watano tulitembea kando, kila mmoja amebeba kipande cha gogo cha kutupia mbele ya gurudumu. Injini ilikuwa inalia kwa sauti ya juu, mnyororo umekaza, trekta linachimba kokoto huko nyuma. Hatua, hatua. Moyo wangu ulikuwa unapiga, na siyo kwa hofu tupu. Namwambia ukweli yeyote anayesoma: ulikuwa mwendo wa kusisimua kuliko harusi yangu.

Kwenye kona nyumba ikalisukuma lori.

Niliiona. Nyumba ilienda mbele kidogo, polepole tu, na sehemu ya nyuma ya lori ikasogea pembeni kama kiti kinachosukumwa na goti. Gurudumu la mbele likafika ukingoni, udongo ukaanza kumwagika chini. Coy alikuwa ndani. Niliona kiwiko chake dirishani. Hobart akashusha koleo kubwa la trekta ardhini, mnyororo ukalia mlio mwembamba ambao bado nausikia nikikaza kamba ya nguo. Nikatupa gogo langu mbele ya gurudumu la nyumba. Wenzangu wakatupa yao. La kwanza likapondwa. La pili likaruka. La tatu likashika, na la nne, na nyumba ikasimama na mtikisiko mmoja, na chupa zote mia moja na thelathini na nane zikalia humo ndani kwa pamoja.

Kisha mkono wa Coy ukatoka dirishani, ukapiga mlango mara mbili. Alikuwa anatuambia yu hai, endeleeni.

Tulimaliza nusu maili ile kwa saa nzima, tukihamisha magogo futi kwa futi, trekta likiivuta nyumba nyuma kidogo kila mara. Nyumba ilipofika tambarare, watu walipiga honi mpaka ng'ombe wa Hobart wakakimbia. Bibi alikagua chupa zake, imepasuka moja. Matone ya kwanza ya mvua yalianguka tukiwa tunagawa maharage, na hakuna aliyeingia ndani.

Coy alikuja na sahani yake akaketi kando yangu. Hakula kwanza.

"Mama, yule dereva wa mtoni. Walisema anaitwa nani?"

"Hawakujua jina."

Alitazama mlima. "Leo wangelipata langu."

Mtoto alizaliwa Desemba, ndani ya nyumba kavu. Lori bado analo, anavutia kuni. Ila wiki iliyopita, jikoni kanisani, mgeni mmoja alitusimulia kwamba nyumba ililisukuma lori la jeshi mlimani kwetu, wakafa watu watatu na bibi mmoja. Nimeona niandike mwenyewe ilivyokuwa, kwa mama yeyote ambaye mwanawe amerudi kutoka mnadani anacheka.

Epukeni haya:

Msiunganishe breki za nyumba na umeme wa lori la jeshi kabla fundi hajapima volti.
Msiamini breki kwa sababu zimekamata mara moja mkiwa chini.
Msiguseguse breki njiani kwa raha.
Msivute nyumba bila kujua uzito wake na wa lori.
Msianze kuteremka bila kusimama kileleni.
Msiteremke bila gari la kushikilia nyuma.
Msiache mtu yeyote ndani. Hesabuni watu kwa majina, siyo kwa kudhani.
Msibebe magogo matano. Bebeni kumi.
Msiweke maziwa mezani.