Makombora Yaliyoangukia Ngome Tupu

Bidan Na Kuade alipewa kazi ya kukaa juu ya mti kwa sababu alizaliwa Kaiunda. Hakuwa amesomea mizinga, wala hakupelekwa ng'ambo kama wenzake waliorudi na saa za mkononi na maneno ya Kirusi. Lakini siku Kamanda Valdo alipowakusanya wapiganaji kule nyuma ya mpaka na kuuliza nani anayeijua Kaiunda kama anavyojua nyumba ya mama yake, watu waligeuka wakamtazama yeye.

Alipokuwa mdogo hapakuwa na ngome. Kaiunda kilikuwa kijiji cha Wabalanta wenye mashamba ya mpunga bondeni. Vita vilipoanza, Wareno walikuja wakachimba mahandaki, wakazungusha seng'enge, kisha wakawahamishia ndani watu wa vijiji vya karibu, wakisema wanawalinda. Walioweza kukimbia walikimbilia msituni kwa wapiganaji, Bidan akiwa mmoja wao. Dada yake, Nhalim, alibaki. Mumewe alikuwa amekwishapokea bunduki na mshahara wa mgambo, na mahali alipokwenda mumewe ndipo alipokwenda yeye. Tangu hapo kaka na dada hawakuonana.

Mti wenyewe ulikuwa msufi mkubwa juu ya mwinuko, upande wa kusini wa ngome. Ukipanda hadi kwenye panda ya tatu uliona kila kitu: makazi ya askari, ghala, vibanda vya raia vilivyobanana pembeni mwa seng'enge, na nyuma yake bonde lote la mpunga. Mizinga ilikuwa mbali, ng'ambo ya mpaka, na wapigaji hawakuweza kuona wanachokipiga. Bidan ndiye aliyekuwa macho yao. Chini ya mti alikaa Sori Djaló, Mfula mwembamba mwenye mdomo usiochoka, akiwa na simu ya waya magotini.

"Liko kushoto mno," Bidan alisema asubuhi ya kwanza, kombora la kwanza lilipochimba shimo nje ya ngome. "Walisogeze kulia kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama kutoka hapa mpaka kwenye kile kichuguu."

"Ndugu yangu, kule kwenye mizinga hawakioni kichuguu chako. Nipe mita."

Bidan alikisia. Sori aliinyanyua simu akaitaja ile namba kwa sauti ya mtu mwenye uhakika kabisa. Kombora la tatu liliangukia bohari ya mafuta, na moshi mweusi ukapanda.

"Unaona?" Sori alisema. "Kumbe una akili. Na hata jandoni hujaingia bado."

Huo ndio uliokuwa utani wake wa kila siku. Kwa Wabalanta mtu haingii jandoni mpaka awe mtu mzima kweli, na vita vilikuwa vimeichelewesha zamu ya Bidan. Sori, aliyetahiriwa akiwa na miaka saba kama Wafula wote, hakumwacha apumue.

Makombora yaliletwa na wanawake. Waliyabeba vichwani kutoka kwenye gati la mtoni, safari ya siku kadhaa, moja kwa kila kichwa, juu ya kata za nguo kuukuu. Kiongozi wao alikuwa Mama Kinta, mwanamke mrefu wa makamo aliyetembea na kombora kichwani kana kwamba ni mtungi wa maji. Siku moja kabla ya mashambulizi alimwita Bidan.

"Wewe ndiye wa juu ya mti?"

"Ndiye mimi, mama."

"Hivi vitu vina uzito. Kuna binti yangu mmoja aliteleza mtoni na chake, hatukumpata. Nikisikia unatupa ovyo, nitakuja kukushusha huko juu kwa fimbo."

"Sitatupa ovyo, mama."

"Haya."

Siku ya pili ya mashambulizi, Valdo alifika mwenyewe chini ya msufi. Alikuwa mtu wa visiwani, mpole wa sauti, aliyesomea vita katika nchi ya theluji na aliyechukia kupoteza watu. Ndege za Wareno zilikuwa haziji tena chini chini, kwa kuwa wapiganaji walikuwa na silaha mpya za kuzidungua, na barabara ya kwenda Kaiunda ilikuwa imetegwa mabomu. Ngome ilikuwa peke yake. Kijito walichokuwa wakichotea maji nje ya seng'enge kilikuwa mikononi mwa wapiganaji tangu juzi.

"Wanakunywa nini?" Valdo aliuliza.

Bidan alishuka matawi mawili ili asipaze sauti. "Kuna kisima cha zamani ndani. Karibu na vibanda."

"Unakiona?"

"Nakiona."

"Basi tukivunje. Wakikosa maji watatoka wenyewe. Sitaki kupeleka vijana wangu kwenye seng'enge."

Bidan alikitazama tena kisima. Asubuhi ile alikuwa amemwona mwanamke akienda kisimani na beseni, akiwa ameinama kwa kuogopa milipuko. Darubini ilikuwa ya zamani na kioo kimoja kilikuwa na ufa, lakini mwendo ule aliufahamu, wa kutupa mguu wa kushoto nje kidogo. Nhalim alitembea hivyo tangu alipoanguka kwenye mchikichi akiwa msichana.

"Wanaochota ni wanawake," alisema.

"Najua ni wanawake. Huchota saa ngapi?"

"Asubuhi na jioni. Jua likiwa kali hakuna mtu."

"Basi tutapiga jua likiwa kali," Valdo alisema, akaondoka.

Wakapiga mchana. Bidan alielekeza kwa makini kuliko alivyowahi kuelekeza, akirekebisha kila kombora, jasho likimwingia machoni. La nne lilikibomoa kisima. Lakini la tatu, kabla yake, lilikuwa limepepesuka na kuangukia vibanda. Aliona makuti yakiruka, kisha moto, kisha watu wakikimbia na ndoo zisizokuwa na kitu.

"Wanauliza vipi," Sori alisema kutoka chini.

"Waambie kisima hakipo tena."

"Na lile la tatu?"

"Waambie kisima hakipo tena."

Sori aliisema kama alivyoambiwa. Jioni alimpandishia wali wenye mafuta ya mawese ndani ya kopo na hakumtania kitu chochote.

Siku mbili zilipita hivyo. Mchana ngome ilipigwa, na ngome nayo ilijibu kwa mizinga yake bila kujua inampiga nani. Alfajiri iliyofuata kulikuwa na ukungu bondeni. Ulikuwa mwembamba, wa mwanzo wa mvua. Bidan alipoangalia upande wa kaskazini aliona seng'enge imekatwa, na watu wakitoka.

Walitoka kwa mstari mmoja. Mbele walikuwa mgambo, kisha raia, kisha askari wa Kireno na mabegi mgongoni. Malori yao waliyaacha. Walikuwa wakikata bonde la mpunga kwa miguu kuelekea ngome ya Banguro, juu ya matuta ya mashamba, na mashamba hayakuwa na hata mti mmoja. Hakuhitaji kukisia mita. Bonde lile alilichezea akiwa mtoto, na alijua umbali wa kila tuta. Makombora machache tu yangetosha.

Alitafuta mwendo wa Nhalim kwenye ule mstari, hakuuona. Wanawake wote walikuwa wameinama chini ya mizigo na watoto, na kwa kuinama vile walifanana. Kulikuwa na kikongwe aliyebebwa na wanaume wawili. Kulikuwa na askari mmoja mzungu aliyekuwa amempakata mbuzi.

Sori alipiga mwayo chini ya mti. "Watu wa mizinga wanaamka. Wanauliza unaona nini."

Bidan aliishusha darubini.

"Bidan. Unaona nini?"

"Ukungu," alisema.

"Ukungu tu?"

"Ukungu tu."

Sori aliinyanyua simu. "Ukungu," alisema. Akasikiliza. "Wanasema wapige kama jana?"

"Wapige kama jana. Makazi ya askari."

Wakapiga. Makombora yalipita juu ya msufi na kuangukia nyumba zisizo na watu, huku mstari ukiendelea kupungua upande wa kaskazini, mpaka mtu wa mwisho akaingia msituni. Bidan alidhani atasema jioni, wakishafika mbali. Jioni ilipofika aliona kwamba kusema jioni ni kukiri ya asubuhi. Kwa hiyo siku ya pili nayo alielekeza mizinga kwenye ngome tupu, akisema askari wamejificha mahandakini. Kina Mama Kinta walileta makombora mengine, na hayo nayo yakaishia huko huko.

Siku ya tatu Valdo alishangaa kwamba ngome haijibu hata kwa risasi moja. Alituma wapelelezi, wakaingia bila kuguswa. Walikuta chungu cha wali uliooza, redio iliyovunjwa kwa makusudi, na mbwa mmoja aliyewafuata kila walipokwenda. Wapiganaji waliingia wakiimba. Habari zilifika mbali. Ngome ile ilisifika kuwa haishikiki, na sasa ilikuwa mikononi mwao.

Valdo hakuimba. Alitembea hadi seng'enge ya kaskazini, akatazama majani yaliyokanyagwa, akageuka kuutazama msufi. Kisha akaenda akaupanda mwenyewe mpaka kwenye panda ya tatu. Aliposhuka viganja vyake vilikuwa vimechubuka.

"Ule ukungu," alimwambia Bidan, "uliondoka saa ngapi?"

"Ulikawia, kamanda."

"Mimi nilikuwa kwenye mizinga. Huko uliondoka mapema."

"Huku ulikawia."

Valdo alimgeukia Sori. "Na wewe?"

"Mimi nilikuwa chini, kamanda," Sori alisema. "Chini ukungu huwa mzito zaidi."

Kamanda alikaa juu ya sanduku la makombora lililokuwa tupu. Hakuonyesha hasira. "Wale askari wamefika Banguro na bunduki zao zote," alisema. "Banguro sasa ina watu mara mbili, na ni lazima tuichukue. Watakaokufa kule ni wetu. Unanielewa?"

"Nakuelewa, kamanda."

"Nina ruhusa ya kukupiga risasi. Nimefikiria njiani." Alijipangusa viganja. "Hutapanda mti tena. Utabeba na wanawake mpaka vita viishe."

Bidan akabeba. Siku ya kwanza shingo ilimuuma hadi akashindwa kula. Wanawake walimcheka, wakamfundisha kusokota kata, wakamwekea kombora kichwani kama wanavyomtwisha bibi harusi kapu. Mama Kinta peke yake ndiye ambaye hakucheka. Njia nzima alitembea nyuma yake, mpaka walipopumzika chini ya mikorosho, wenzake wakila mabibo.

"Mangapi?" aliuliza hatimaye.

"Mangapi nini, mama?"

"Usinifanye mjinga. Mangapi yaliangukia nyumba tupu?"

"Ya siku mbili."

Mama Kinta alitafuna bibo lake taratibu, akatema kambakamba. "Watoto walikuwemo, kwenye hao waliotoka?"

"Walikuwemo."

"Na askari?"

"Nao."

"Binti yangu yuko mtoni," alisema. "Sijui nikwambie nini. Twende, jua linapanda."

Banguro ilipigwa mvua zikiwa zimekolea. Haikutoka kwa ukungu wala kwa kiu. Ilipigana. Sori alikuwa akitandaza waya kando ya mto risasi zilipomkuta, na habari zilimfikia Bidan njiani, akiwa na kombora kichwani, kwa mdomo wa Mama Kinta. Wakasimama kwanza, wote wawili, wakiwa wametwishwa. Bidan hakulitua. Alisema, "Alikuwa chini tu, yeye," kisha akatembea, na machozi yakamshuka bila yeye kuweza kuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imeshika mzigo.

Mwaka uliofuata Wareno walichoka wakaondoka. Bendera ikapandishwa, na watu waliotawanyika wakaanza kurudi. Bidan alimkuta Nhalim Kaiunda penyewe, akitwanga mpunga mbele ya kibanda kipya. Alikuwa amezeeka usoni. Mumewe alikuwa amevuka mpaka wa kaskazini pamoja na mgambo wengine waliohofia kisasi, na hakuacha neno.

Hawakukumbatiana. Nhalim aliweka mchi chini, akamtazama muda mrefu, kisha akamletea kigoda.

"Umekonda," alisema.

"Na wewe."

"Mimi ninalisha watatu. Wewe una sababu gani?"

Nhalim alimhadithia yaliyowapata. Mama mkwe wake aliteketea ndani ya kibanda siku ile kisima kilipovunjwa. Siku mbili baadaye walikuwa wakilamba umande kwenye mabati. Kapteni akasema wanatoka alfajiri, na kwamba bondeni hakuna pa kujificha, kila mtu amwombe Mungu wake.

"Nilijua tunakufa pale," Nhalim alisema. "Tulisikia makombora yanaruka. Kila moja nilisema ndilo hili. Yakaenda nyuma yetu, yote." Alichota mpunga akaupeta kidogo. "Mlikuwa hamtuoni, nadhani."

Bidan alikuwa akitazama bonde. Matuta yalikuwa yamebomoka, na maji ya chumvi yanayopanda mtoni kutoka baharini yalikuwa yameanza kuingia mashambani.

"Nilikuwa upande wa mizinga," alisema. "Hapa hapa Kaiunda. Na kile kisima, mimi ndiye niliyekielekeza."

Mikono ya Nhalim ilitulia juu ya ungo. Alikaa hivyo mpaka mtoto wake mdogo akaja akamvuta nguo.

"Mama mkwe alikuwa hawezi kutembea," alisema. "Ndiyo maana alikuwa ndani mchana."

"Sikujua kama yumo mtu."

"Hapana. Ungejuaje."

Aliinuka, akampa mtoto kiganja cha mchele mbichi, akakaa tena. Ya ukungu Bidan hakuyataja, siku ile wala baadaye. Dada yake aliushika ungo tena, akapeta. Kisha Nhalim alimuuliza kama bado anajua kujenga tuta, kwa sababu mvua ilikuwa karibu na hakukuwa na mwanaume mwingine nyumbani. Bidan akasema anajua. Asubuhi akaazima jembe refu kwa jirani, akashuka bondeni, akaanzia pale maji ya chumvi yalipokuwa yamepenya zaidi.