Mhindi wa Chumba cha Mwali

Bi Mwamvita, jirani, aliapa kisimani kwamba mhindi ule ulikuwa pepo. Alidai alichungulia chumba cha mwali akauona ndani ya kifuu, mrefu, mweupe kama mkono wa maiti, nao ukamwinamia kumwamkia.

"Mtoto yule kasoma hata kausomea uchawi!" alisema, na wanawake wa Kurui wakacheka mpaka mitungi ikatikisika vichwani.

Mhindi ulikuwepo kweli. Mwanahalima alipovunja ungo, mwaka wa mwisho wa vita vya Hitla, aliingizwa ndani na punje mbili za mahindi alizopewa shuleni zimefundikwa penye pindo la kanga. Vuli ikapita. Masika yalipoanza, punje moja mama yake aliipanda uani. Nyingine Mwanahalima aliipanda kifuuni, akabaki nayo gizani.

"Jani ni jiko la mmea," Mwalimu Hilario aliwahi kuwaambia. "Mizizi huleta maji, jani huvuta hewa, jua ndilo moto. Pasipo moto, nani atapika?"

Mwanahalima alitaka kumpelekea mwalimu habari za miche yote miwili siku atakayotolewa. Mche wa gizani ulirefuka upesi. Mama alisema umeupita wa nje. Mwanahalima akafurahi, akidhani mwalimu alikosea.

Asubuhi moja somo wake, Bi Mwanamkuu, kungwi aliyemfunda, alikuwa akimsinga mwili kwa unga wa liwa.

"Tazama ngozi ilivyotakata! Watu wa Magindu watasema tumewapa mwezi."

"Watu wa Magindu ndio nani, somo?"

"Wakwe zako, mwali. Kumbe ulidhani twakunawirisha urudi ubaoni?"

Alipobaki peke yake, Mwanahalima aliukuta mhindi umelala ubavu. Akafukua kwa kidole hadi kwenye punje. Lilikuwa ganda tupu. Urefu wote ule haukupikwa popote. Mmea ulikuwa ukila akiba ya punje yake, na sasa akiba imekwisha. Akaulaza mkono wake kando ya shina. Rangi ilikuwa moja.

Mama yake, Mwamini, aliingia na bakuli la uji, mlango ukabaki wazi nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa ungali moto."

Mwanahalima hakulipokea bakuli. Alikinyanyua kifuu kwa mikono miwili.

"Mama, tutoe nje. Sote wawili. Leo, kabla hawajaja."

Mwamini alikitazama kifuu, kisha uso wa bintiye, halafu mkono wake mwenyewe ukarudi nyuma kuurudisha mlango na kulitafuta komeo. Uani, mhindi wa pili ulikuwa umefika magotini, kijani kibichi, ukicheza na upepo.