Winchi Isiyolia

Sila Ndahani hakuwa na cheti, maana aliacha chuo cha ufundi kabla ya mtihani wa mwisho. Hakuwa na mke, wala ng'ombe wa mahari. Hakuwa na shamba, wala kazi ya kumwamsha alfajiri, wala simu inayomaliza siku na chaji. Na kubwa kuliko hayo yote, kwa maneno ya baba yake, hakuwa na moyo.

Kwao Mpwapwa walikuwa watu wa visima. Baba yake, Mzee Ernest, alichimba kwa mikono tangu ujana mpaka magoti yalipokataa. Sasa alibaki juu akiendesha winchi, na mtoto wake mkubwa, Abeli, ndiye aliyeshuka. Sila naye aliwahi kushushwa mara moja tu. Alipoinua macho akaona mdomo wa kisima umekuwa mdogo kama kisahani, akapiga ukunga, wakamvuta juu akiwa ameikumbatia kamba kama mtoto wa nyani. Tangu siku hiyo mafundi walimwita Mtu wa Juu, na hakuna aliyemwomba ashuke tena.

Basi alishinda kwenye duka la dada yake Devota, akichapa barua za watu na kutoa kopi. Wateja wakipungua, aligeukia mchezo wake ndani ya kompyuta kuukuu ya dukani. Ulikuwa mchezo usio na adui wala bunduki. Unapewa uwanja mtupu na stoo isiyokwisha ya mbao, vyuma, magurudumu na kamba. Unajenga unachotaka, kisha unabonyeza kitufe na dunia ya mle ndani inaanza kuwa na uzito. Ulichojenga vibaya kinaanguka mbele ya macho yako. Humo Sila alikwisha kujenga mashine ya kusaga na mkanda wake, baiskeli na mnyororo wake, hata ile hendeli ya kubadilisha njia ya reli kama aliyoiona stesheni ya Gulwe.

Asubuhi moja akaamua kujenga winchi ya baba yake.

Aliijua kama anavyojua sura ya mama yake. Gogo nene la mninga limelazwa juu ya nguzo mbili, hendeli huku na hendeli kule, kamba imezungushwa katikati. Ubavuni kuna gia, gurudumu la chuma lenye meno, na juu ya gia hulala loki, kipande cha chuma chenye ncha. Mtu akipandishwa, loki huruka jino hadi jino. Walioshika hendeli wakiachia, loki huchomeka kati ya meno na gogo haliwezi kurudi nyuma. Ndiyo inayoshika uhai wa aliye chini wakati wa juu wanafuta jasho.

Loki yoyote hulia. Kla, kla, kla, kila jino linapopita. Lakini wachimbaji wa kwao waliamini kwamba maji ya ardhini yana woga kama digidigi, yakisikia chuma kikigonga chuma yanahama. Ndiyo maana Mzee Ernest aliivisha loki yake kipande cha mpira wa tairi, akakifunga kwa waya, na winchi yake ikawa kimya kabisa. Sila aliwahi kuuliza kama mtaimbo unaogonga mwamba haufukuzi maji. Akajibiwa kwamba mtaimbo unabisha hodi.

Katika mchezo, loki ililia vizuri mpaka Sila akatabasamu. Mzigo wake alikuwa mtu mdogo wa mbao mwenye viungo vinavyocheza. Akampandisha na kumshusha, akaachia hendeli katikati, loki ikashika. Kisha akaona si haki kuiacha ikilia, kwa sababu loki ya baba hailii. Akabandika kipande laini kwenye ncha, akampandisha mtu wake tena, kimya kimya, akaachia.

Loki ikashika. Mtu wa mbao akayumba, miguu yake ikagonga ukuta wa shimo, akarushwa kidogo. Kamba ikalegea, kisha ikakaza ghafla. Loki ikadunda juu ya ule ulaini wake, na kabla haijatua jino lilikuwa limepita. Ikadunda tena, jino jingine likapita, na gogo likaanza kukimbia kinyumenyume. Mtu wa mbao akaenda chini bila sauti yoyote.

Sila alitoa mpira, akarudia. Loki ikashika, teke au bila teke. Akarudisha mpira. Mtu wa mbao akaenda chini. Alirudia mpaka kiganja kikalowa jasho na kipanya kikawa kinateleza mkononi.

Ni mchezo tu, alijiambia. Kamba ya mle ndani haina uzito wa kamba, na mpira ni kitu ambacho mtu fulani wa mbali amekiandikia tu kwamba ni laini. Lakini alimkumbuka Abeli. Abeli akipandishwa jioni, kazi ikiwa imekwisha, hatulii kwenye kamba. Hurukaruka ukutani kama mbuzi, teke huku, teke kule, kwa furaha ya kuona mwanga.

"Mbona umekaa hivyo?" Devota aliuliza kutoka kwenye mashine ya kopi. "Nani amekufa?"

"Bado."

Devota alikuja akasimama nyuma yake. Sila akamwonyesha bila kueleza, na yule mtu akaanguka tena. Devota hakuwa fundi, lakini alikuwa binti wa kisimani.

"Hiyo ni winchi ya baba."

"Ndiyo."

"Na leo wako wapi?"

"Gulwe. Kwenye lile shamba la alizeti."

Sila alipiga simu ya Abeli, ya baba, na ya Respicius anayesaidia kuzungusha. Zote zilikuwa zimezimwa, maana kisimani simu huzimwa na kulala pamoja kwenye kikapu.

"Utamwambia baba nini?" Devota aliuliza. "Kwamba umeona kwenye gemu?"

"Sina kingine cha kumwambia."

"Basi Mungu akutangulie, maana mimi nisingethubutu."

Njia nzima, nyuma ya bodaboda, Sila alipanga maneno na yote yakapeperuka na vumbi. Hakujua anaogopa nini zaidi, kwamba amekosea, au kwamba hakukosea.

Aliwakuta wamepumzika. Abeli alikuwa juu, amekaa kwenye kifusi, mzima, mguu mmoja umelala juu ya mwingine. Sila alitaka kumshika ahakikishe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mtu wa Juu, umefuata nini mashimoni?"

"Injinia amekuja kukagua," alisema Respicius. Alikuwa mtu wa Bukoba aliyeoa Gulwe, na ulimi wake haukuwa na likizo. "Tumsafishie kiti."

Sila aliyasema yote kwa mkupuo, loki, mpira, teke, mtu wa mbao.

"Katika huo mchezo wako," Mzee Ernest aliuliza polepole, "kuna maji?"

"Hapana, baba."

"Basi mimi nimetoa maji. Winchi hii imenishusha mimi na imenipandisha. Fundi mwenzangu Masudi alitoka kwake Kibakwe kuja kuchukua vipimo vya winchi hii, na mpira wake, akaunda yake, na wiki hii yuko shimoni na watu wake. Wewe uliyelia ndani ya kisima, ndiwe unayeniambia inaua?"

Sila hakuwa amelijua hilo la Masudi. Akahisi kana kwamba shimo jingine limefunguka nyuma ya lile alilokuwa akilitazama.

"Baba, tujaribu," alisema Abeli. "Tupandishe gunia la mchanga, mdogo wangu atulie."

Wakajaza gunia, wakalishusha, wakalipandisha mpaka katikati, wakaachia hendeli. Loki ikashika. Respicius akatingisha kamba. Loki ikashika. Mzee Ernest akapiga gogo kwa kiganja kama anayempongeza ng'ombe, na wote wakacheka, hata Sila kidogo, kwa sababu alitamani sana iwe kweli.

"Gunia halina miguu," akasema.

"Tulivalishe viatu?" Respicius akauliza.

Abeli alijifunga kamba. Sila akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, ukipandishwa usipige ukuta. Nakuomba."

"Umeogopa wewe, mdogo wangu, au unaniogopesha?"

"Vyote."

Abeli akamgusa begani, akashuka.

"Kama unatetemeka hivyo," Mzee Ernest alimwambia Sila, "shika kitu usimame pale. Mikono yetu usiiguse."

Sila akashika mtaimbo uliobaki juu, akasimama karibu na gia. Ndoo zilipanda na udongo, kwanza mkavu, halafu wenye unyevu, na Mzee Ernest alipouona ule unyevu akamtazama mtoto wake kwa jicho la ushindi. Matope yalidondoka kutoka kwenye kamba, yakapaka gia, yakapaka mpira. Sila aliuona mpira unang'aa. Akaukaza mkono kwenye mtaimbo.

Jua lilipoinama, kamba ikatikiswa mara mbili kutoka chini. Abeli amemaliza. Mzee na Respicius wakazungusha, winchi ikazunguka bila kulia, na walipomfikisha katikati wakaachia hendeli kama ilivyo desturi, mmoja akafuta uso, mwingine akatemea viganja.

Kutoka ndani ya shimo ukasikika unyayo ukigonga ukuta. Kisha tena.

Loki ikadunda.

Sila aliiona ikiruka vilevile, kama vile mtu mwingine ndiye aliyebonyeza kitufe. Jino likapita, jingine likapita, na gogo likageuka. Hendeli ikampiga Respicius kwenye mkono, akaanguka chali. Sila akawa anasukuma mtaimbo kuelekea kwenye gia, na gia ikautema, ukamponyoka nusu. Akaushika upya, akaukandamiza kati ya meno na nguzo kwa kifua chake chote. Gogo likasimama kwa mshindo uliotikisa ardhi chini ya miguu yao.

Shimoni hapakuwa na sauti.

"Abeli," Mzee Ernest aliita.

Sila alilala juu ya mtaimbo, akisikia chuma kinatetemeka mbavuni mwake, au ni mbavu zake zilizotetemeka.

"Abeli, baba."

Kikohozi kikapanda. Halafu sauti, ndogo na yenye hasira, "Nani ameachia?"

Walimpandisha bila kupumzika, Sila na baba yake kwenye hendeli, Respicius akishika kamba kwa mkono mmoja mzima. Abeli alitoka bega limeshuka mahali pasipo pake na ngozi ya viganja imebaki kwenye kamba. Akakaa chini, akamtazama mdogo wake.

Mzee Ernest alikata waya kwa kisu, akautoa mpira, akaugeuzageuza. Ulikuwa umelika upande mmoja na kuwa laini kama ufizi. Akauweka chini taratibu. Kisha akaanza kutetemeka, na hakujaribu kuficha.

"Masudi," alisema Sila.

Respicius, mkono umefungwa kwa kitenge, aliwasha simu akapiga. Haikupatikana. "Niendelee kujaribu?"

"Jaribu," Mzee Ernest akasema, "lakini Masudi hasimamishi kazi kwa simu. Hakuna fundi wa kisima anayesimamisha. Ukipata kazi nzuri, wenzako wanakupigia kukuhadaa, eti winchi yako mbovu, ondoka hapo, na ukiondoka wanaingia wao. Atasimama akiona mwandiko wangu."

Kijana wa bodaboda aliyemleta Sila alikuwa bado anasubiri kivulini. Karatasi na bahasha vilipatikana kwenye duka la barabarani. Mzee Ernest aliandika kwa muda mrefu, amepiga goti moja mbele ya ndoo iliyogeuzwa, kisha akampa Sila asome.

Barua ilianza na salamu za nyumbani, ikauliza hali ya mvua, na mwishoni ikasema kwamba winchi ingehitaji marekebisho madogo pindi nafasi itakapopatikana.

Sila alihisi uoga wake wa zamani, ule wa mbele ya baba, ukirudi. Lakini ulikuwa mdogo kuliko ule wa shimo la Masudi.

"Baba, hii Masudi ataisoma, ataikunja mfukoni, na atamaliza kwanza kazi ya leo."

"Unataka nimwandikie nini?"

"Ulichokiona."

Mzee Ernest alimtazama. Abeli aliguna kwa maumivu pale alipokaa, na baba yao akaichana karatasi, akachukua nyingine. Safari hii hakukawia.

*Masudi. Usimshushe mtu. Aliye chini mpandisheni sasa hivi, msiachie hendeli hata kidogo. Mpira wa loki unaua, nimeona kwa macho yangu, leo, kwa mwanangu. Nilikosea mimi. Ernest Ndahani.*

Aliikunja, akaitia ndani ya bahasha, akapitisha ulimi kwenye gundi. Haikushika. Mdomo wake ulikuwa mkavu kabisa. Akampa Sila, na wa Sila ulikuwa mkavu vilevile. Ikabidi Sila achovye kidole kwenye kikombe cha maji, aipake gundi, aikandamize kwa kiganja dhidi ya paja lake mpaka ikashika.

"Mkononi mwa Masudi," alimwambia kijana wa bodaboda. "Ukimkuta yuko shimoni, wape walioshika hendeli. Waambie waisome wakiwa bado wamezishika."

Kijana aliitia ndani ya shati, akapiga kiki. Jua lilikuwa limegusa milima upande wa Kibakwe, na kote kwenye visima, saa hiyo ndiyo ya kupandisha watu.