Mawe Arobaini na Moja

"Baba, tunahama, hatubomoi," alisema Sharip, mikono kiunoni, kando ya lori lililokwisha kujaa magodoro na makabati. "Hilo jiwe la nini?"

Davdi alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wa nyumba yake, mtaimbo mkononi, akichokoa saruji kuzunguka jiwe la ngazi. Alikuwa na miaka sabini na miwili. Kuta nyingi za kijiji kile alizijenga yeye, na hakuna aliyewahi kumwona akibomoa alichokijenga. Leo alikuwa na haraka. Mwenye nyumba wa zamani angekuja alasiri, na kabla hajafika Davdi alitaka jiwe lile liwe limezama mtoni.

Kijiji kilikuwa na majina mawili. Kwenye karatasi za wilaya kiliitwa Khulli Mpya, jina ambalo Walak, kabila la Davdi, waliteremka nalo kutoka milimani. Wachecheni waliozaliwa hapo waliendelea kukiita Barkhoi. Sasa Walak walikuwa wamejengewa nyumba karibu na bahari, ili wilaya irudishiwe jina lake la zamani, na Wachecheni wenyewe warudi.

Davdi aliletwa hapa akiwa na miaka minane. Askari waliwashusha yeye na wazazi wake kwa nguvu, wiki chache baada ya askari wengine kuwapakia Wachecheni kwenye mabehewa ya ng'ombe, safari ya uhamishoni Kazakhstan. Wazazi wake walipofungua mlango wa nyumba hii walimkuta paka amekaa juu ya jiko la baridi. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akatoka nje na hakurudi tena.

Saruji ilikuwa imeachia upande mmoja tu teksi iliposimama getini. Akateremka mwanamke mrefu, mkavu, kitambaa cheusi kichwani. Kaja asubuhi.

"Mimi Yakhita binti Khasu," alisema kwa Kirusi, lugha waliyoelewana kwayo. "Msiharakishe kwa ajili yangu. Nimesubiri miaka sitini na nne, saa mbili hazitaniua."

Sharip alicheka kidogo kwa aibu, akamletea kiti na chai. Yakhita alipokea kikombe, lakini hakukaa. Alitazama mpera, akatazama paa, mwisho akamtazama Davdi aliyekuwa bado magotini.

"Wewe ndiye fundi? Basi wewe utakuwa unajua. Makaburi yetu yalikuwa upande wa juu wa kisima. Nimepita pale sasa hivi, nimeona shamba la mahindi. Baba yangu alifariki majira ya baridi, kabla hatujachukuliwa. Niliachwa na miaka sita. Mama alinieleza jiwe lake mpaka nikalihifadhi kama sura ya Kurani: limechongwa jozi ya viatu vya kupandia farasi, na chini yake birika la kutawadhia."

Davdi aliuachia mtaimbo, ukalia kwenye sakafu ya mawe ya uani.

"Dada yangu..."

"Usiniite dada. Sema."

"Niliyang'oa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shamba la ushirika lilitaka zizi, na mwenyekiti akasema mawe yapo tayari, yamechongwa, ya nini kupasua mengine? Tulikwenda na mikokoteni. Yalikuwa arobaini na moja. Arobaini niliyajenga zizini. Moja..." Akaweka kiganja juu ya ngazi. "Moja nililipenda. Lilikuwa limenyooka vizuri. Nilikuwa naoa."

Sharip alimshika bega, akamnong'oneza kwa Kilaki: "Baba, umerukwa na akili? Ungenyamaza tu! Baada ya saa mbili tungekuwa barabarani. Na sisi tuliomba kuletwa hapa? Babu hakufa kwa malaria humu humu?"

"Babu yako hakumng'olea mtu jiwe," alisema Davdi. "Mama yako hakuwahi kulikanyaga hili, unajua? Alikuwa analiruka. Nilidhani ni madaha ya bibi harusi. Akaliruka mpaka alipozeeka, mpaka ikabidi ashike mlango ndipo aruke. Sikumwuliza hata siku moja."

Yakhita hakuielewa lugha yao, wala hakungoja atafsiriwe.

"Ligeuzeni," alisema.

Baba na mwana walimalizia kuchokoa saruji, wakalinyanyua, wakalipindua. Uso uliotazama ardhini miaka hamsini na mitatu ulikuwa na rangi zake bado, buluu na nyekundu, mbichi kama zilizopakwa juzi. Yakhita alichuchumaa. Alipitisha kidole juu ya maandishi ya Kiarabu, herufi kwa herufi, midomo ikicheza. Davdi aliangalia kwingine.

"Edalbek mwana wa Mochu," alisoma hatimaye. "Alikuwa jirani yetu. Mfuga nyuki." Akakiinua kidole. "Siye baba."

"Basi yuko zizini," alisema Davdi. "Niliyalaza nyuso zikitazama ndani."

"Kwa nini ndani?"

"Ili nisizione."

Alidhani angepigwa, na angepokea. Yakhita alisimama tu, akaiweka chai chini bila kuionja.

"Haya, twende."

Sharip aligombana na baba yake getini. Akamwambia dereva analipwa kwa saa, akamwambia huyu mwanamke ataleta nduguze wote. Kisha sauti ikamwishia, akapanda lori. "Nitarudi kukuchukua Ijumaa," alisema bila kugeuka.

Njia ya kwenda zizini ilipita chini ya kilima chenye makaburi ya Walak. Davdi alipunguza mwendo. Tangu siku walipoambiwa watahama alitaka kuwaomba wanaorudi wasiyang'oe mawe yale, na ulimi haukuthubutu.

"Una mtu huko?" aliuliza Yakhita.

"Mke wangu. Sakinat."

Mwanamke alikitazama kilima kwa muda, akaendelea kutembea.

Zizi lilikuwa gofu, paa lilikwisha kuibwa. Davdi alianza kwenye pembe ya mashariki, alikoanza siku ile akiwa kijana mwenye mgongo imara. Yakhita alikwenda kuomba birika la maji nyumba ya jirani. Kila jiwe lilipotoka alilimwagia maji, akalisugua kwa ncha ya kitambaa chake, akalisoma jina kwa sauti, akaliegemeza ukutani na kwenda kujaza birika tena. La tatu lilikuwa la mtoto. Davdi alipolisikia jina alikaa chini, uso mikononi, na Yakhita hakumharakisha wala hakumpoza.

Jua lilipoanza kushuka, mawe saba yalikuwa yamesimama ukutani, nyuso nje. Viganja vya Davdi vilivuja damu.

"Umechoka?"

"Bado."

Jiwe la nane lilianza kucheza, udongo ukadondoka. Yakhita alisogea karibu, akainamisha birika, akangoja.