Kope za Tembo

Daktari alimwambia Tusekile ukweli palepale kwenye korido ya hospitali, Iringa, kwa kuwa Tusekile mwenyewe alikuwa muuguzi wa hapo. Macho ya mama yake yasingepona. Yalikuwa yakijifunga polepole kutoka pembeni, na kilichobaki ni tundu dogo la katikati, kama tundu la ufunguo mlangoni.

Mama Damari alisikia yote, hakulia. Alikaa kwenye benchi, akasema, "Kule kwetu Uyole nimeona kila kitu. Tembo sijamwona. Nipeleke, mwanangu, kabla macho hayajafunga."

Tusekile alimkumbuka Verediana, ambaye yeye alimsaidia kujifungua pale hospitalini mwaka uliotangulia, uzazi ulipokuwa mgumu. Verediana na mumewe Kalinga walikuwa na kambi ndogo ukingoni mwa Mto Ruaha, mahema machache ya kupokea wageni wanaokwenda kuona wanyama. Walikuwa wamemwambia aje atakapo. Basi mwezi wa kumi, 1974, Kalinga akawachukua pale Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, kwa Landrova yake. Waliteremka mpaka baridi ikaisha, na Mama Damari akavua sweta moja, halafu la pili.

Kambini siku hazikuwa na haraka. Mto ulikuwa umepungua ukabaki vijito vinavyometa kwenye mchanga mweupe. Joto la mchana lilifanya kila kitu kielee: swala, vichaka, hata Verediana akija na chai huku mtoto amelala mgongoni. Mama Damari alikaa mlangoni mwa hema, chini ya migunga, akisinzia na kuamka, bila kujua vizuri lipi aliliota na lipi alilisikia.

Tembo walikuwepo, lakini mbali. Kalinga alimpeleka kwa gari asubuhi, akamwonyesha kwa kidole ng'ambo ya mto. "Wale pale, mama." Yeye akageuza kichwa huku na huku, akitafuta kwa lile tundu lake, na jicho lilipofika walipokuwa, walikuwa wameshasogea.

"Naona vumbi," alisema.

Alasiri moja Tusekile alikuwa jikoni akimsaidia Verediana kuchambua mchele wa Chimala. Ghafla Verediana akamshika mkono, akaukaza.

"Usipige kelele, dada. Usikimbie."

Dume la tembo lilikuwa limeingia kambini. Lilitembea kati ya mahema bila kishindo, kama kivuli cha wingu, likiokota maganda ya mbegu yaliyoanguka kutoka kwenye migunga. Maganda mengi yalikuwa mlangoni pa Mama Damari.

Tusekile alimwona mama yake akiinua uso. Akaliona lile dume likisimama karibu naye mno, kiasi kwamba pumzi yake ilipeperusha pindo la kitambaa chake cha kichwani. Mama Damari hakusogea. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Alikuwa akiongea Kinyakyusa, taratibu, kama anavyoongea na mgeni aliyefika kabla chakula hakijaiva. Tembo akaokota ganda miguuni pake. Akaokota lingine. Masikio yake yakapunga, na upepo wake ukafika mpaka jikoni, una harufu ya majani na matope. Kisha akageuka, akashuka mtoni.

Tusekile alikimbia, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, umemwona?"

"Nimeona jicho," alisema Mama Damari. "Lina kope ndefu, mwanangu, zimeelekea chini. Na chini yake ngozi imelowa kama ametoka kulia."

"Hukuogopa?"

"Aliniangalia na mimi nikamwangalia. Ningeogopa saa ngapi?"

Verediana akaleta maji ya kunywa. Wote watatu wakakaa chini mpaka jua likawa jekundu na Landrova ya Kalinga ikasikika inarudi.

Mwaka uliofuata, mvua zilipoanza, tundu la macho ya Mama Damari likafunga kabisa. Tusekile aliomba uhamisho, akarudi Uyole, Mbeya, kuishi naye. Alikuwa ameogopa kwamba mama yake angezama katika huzuni, lakini Mama Damari alijifunza njia ya kisimani kwa miguu yake, akapika, akaenda kanisani. Jirani yake Lutengano alipomuuliza kama kweli tembo ni mkubwa kuliko nyumba, alifikiri kidogo.

"Ukubwa wake sikuuona," akamjibu. "Kaa, nikueleze uso wake."