Miwani ya Shangazi Immakulata

Annastella alikuwa ameshafeli mtihani wa mwanga mara moja, na Mwalimu Kagaruki, aliyefundisha upigaji picha kwenye chuo kidogo pale Bakoba, hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Taa moja, mtu mmoja, na macho niyaone," alimwambia. "Ukikosa tena, unarudia muhula."

Jumamosi akabeba taa na stendi yake hadi Buganguzi kwa shangazi yake, Immakulata. Alikuwa anaupenda sana uso ule. Miwani ndiyo hakuifikiria.

Shangazi alivaa miwani minene tangu afanyiwe upasuaji wa macho. Aliketi sebuleni na gauni lake la Pasaka, ametulia kama yuko kanisani. Picha ya kwanza ikatoka na madoa mawili meupe mahali pa macho. Annastella akasogeza taa kushoto, madoa yakahamia kushoto. Akaipeleka kulia, yakaifuata. Ilipofika picha ya thelathini, jasho lilikuwa linamtoka na betri ya taa imebaki nusu.

"Shangazi, tuivue kidogo tu."

"Waitu, jamani, hata wewe?" Shangazi aliishika miwani kwa mikono miwili. "Nikiivua nakodoa kama mtu aliyepotea njia. Nikiivaa, kwenye picha naonekana kipofu. Miaka tisa sijapata picha yenye macho yangu."

Annastella aliona haya. Akaiweka kamera chini.

Wakati huo kuku akaingia na kuanza kudonoa waya wa taa. Shangazi akainama kumfukuza, na kwa nukta moja Annastella akayaona macho yake yote mawili, meusi, makali, bila doa lolote.

"Shangazi, hapo hapo! Inama tena!"

"Nimfukuze nani? Ameshatoka."

Lakini Annastella alikuwa ameshaelewa. Muda wote alihangaika kuipeleka taa kushoto na kulia, huku ikiwa usawa wa macho ya shangazi. Ilipaswa kwenda juu, ili mng'ao uangukie chini, mbali na kamera. Stendi yake ilikuwa fupi, kwa hiyo mume wa shangazi, mzee Damian, akaombwa apande kwenye benchi aishike taa.

"Nikianguka, utampiga picha mjane," alisema, akapanda.

Annastella akainyanyua kidogo mikono ya miwani nyuma ya masikio ya shangazi, vioo vikainamia chini. Akamwomba ashushe kidevu, ila macho ayaelekeze kwenye kamera. Akapiga.

Alipoitazama, macho yote mawili yalikuwa yanamtazama. Akampelekea shangazi kamera. Shangazi akaisogeza karibu, kisha akaiweka mbali, halafu akacheka hadi akashika ubavu.

"Damian, shuka uone! Ninakutazama!"

Jumatatu Mwalimu Kagaruki aliikuza picha ile kwenye kompyuta mpaka kope zikahesabika. Annastella alikuwa amesimama nyuma yake, mikono imebana mkoba.

"Nani alikufundisha kuinamisha miwani?"

"Nilikuwa nimekwama tu, Mwalimu."

"Umefaulu. Nenda kapumzike."

Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za chuo, akavuta pumzi ndefu. Kisha akampigia simu shangazi, na kabla hajamaliza salamu machozi yalikuwa yanamtiririka, naye anacheka.